MAKALA: Fahamu Ada za Fedha za Kigeni Unapotumia Kadi ya Benki Nje ya Nchi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila mwaka maelfu ya Watanzania husafiri nje ya nchi kwa ajili ya Hija na Umra, matibabu nchini India, masomo, mikutano ya kikazi na ununuzi wa bidhaa katika miji kama Dubai, Guangzhou na Istanbul. Wengi wao hawabebi tena fedha taslimu pekee. Hubeba pia kadi ya benki, iwe inayokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti, ya malipo ya awali au ya mkopo. Kadi humpunguzia msafiri hatari ya kuibiwa, humpa kumbukumbu ya kila malipo na humwezesha kulipia hoteli au hospitali bila kutafuta duka la kubadilisha fedha.

Hata hivyo, wapo wanaorejea nyumbani na kukuta taarifa ya akaunti ikionesha makato makubwa kuliko hesabu waliyoipiga walipokuwa safarini. Hoteli iliyodhaniwa kugharimu kiasi fulani imegharimu zaidi, na fedha zilizotolewa mara tano kwenye mashine zimekatwa ada mara tano. Kwa familia iliyochanga fedha za matibabu ya mgonjwa, au kwa mfanyabiashara ambaye faida yake ni ndogo, tofauti hiyo si jambo la kupuuza.

Makala hii inaeleza ada hizo zinatoka wapi, zinavyokokotolewa, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua kabla ya safari, akiwa safarini na baada ya kurejea. Viwango vya kubadilisha fedha na ada vinavyotumika katika mifano ya Shilingi ni vya kurahisisha maelezo tu. Viwango halisi hutolewa na benki iliyotoa kadi husika.

Nini hutokea unapolipa kwa kadi

Msafiri anapoingiza au kugusisha kadi yake kwenye mashine ya malipo mjini Makka, ombi la malipo hupita kwa taasisi kadhaa ndani ya sekunde chache. Kwanza huenda kwa benki ya mfanyabiashara, kisha kwa mtandao wa kadi kama vile Visa au Mastercard, na mwisho kwa benki ya Tanzania iliyotoa kadi. Benki hiyo huangalia salio au ukomo wa mkopo, kisha hutoa idhini au kukataa.

Mfanyabiashara anataka kulipwa kwa Riyal, ilhali akaunti ya msafiri ipo kwa Shilingi. Kwa hiyo ni lazima fedha zibadilishwe mahali fulani katika safari hiyo. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na mtandao wa kadi kwa kiwango unachokitangaza kila siku, au na benki iliyotoa kadi kwa kiwango chake cha kuuzia fedha za kigeni, au na wote wawili kwa hatua mbili: Riyal hugeuzwa kwanza kuwa Dola ya Marekani, kisha Dola hugeuzwa kuwa Shilingi.

Hapo ndipo gharama ya kwanza ilipo, nayo haiandikwi kama ada. Katika ubao wa viwango vya benki yoyote huwa kuna bei mbili: bei ambayo benki inanunua Dola kutoka kwa mteja na bei ambayo inamuuzia. Bei ya kuuzia huwa juu zaidi. Anayelipa kwa kadi akiwa nje ya nchi ni mnunuzi wa fedha za kigeni, hivyo hutumika bei ya kuuzia. Benki Kuu ya Tanzania huchapisha viwango vya ubadilishaji fedha kwenye tovuti yake, na mwananchi anaweza kuvitumia kama kipimo cha kulinganisha na kile alichotozwa.

Ada ya muamala wa nje ya nchi

Gharama ya pili ni ada ambayo benki iliyotoa kadi huongeza juu ya thamani ya muamala kwa sababu malipo yamefanyika nje ya nchi au kwa fedha za kigeni. Kwa benki nyingi duniani ada hii huwa kati ya asilimia 1 na asilimia 3. Zipo zinazotoza zaidi na zipo zisizotoza kabisa kwa baadhi ya aina za kadi. Wakati mwingine huonekana katika taarifa ya akaunti kama mstari unaojitegemea. Wakati mwingine huwa imejumuishwa ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha, kiasi kwamba mteja haioni.

Ni vyema mwananchi afahamu kuwa ada hii haimhusu msafiri peke yake. Mtu aliyeko Dodoma au Mwanza anayenunua programu, kulipia ada ya mtihani au kuagiza bidhaa kupitia intaneti kutoka kwa kampuni iliyosajiliwa nje anaweza kutozwa ada hiyo hiyo. Hata bei inapooneshwa kwa Shilingi, iwapo benki ya muuzaji iko nje ya nchi, muamala unaweza kuhesabiwa kuwa wa kimataifa.

Mteja anapouliza kiwango cha ada, aulize pia kama kiwango anachotajiwa kinajumuisha kodi, ili asije akashangaa baadaye.

Tahadhari: mashine inapokuuliza uchague sarafu

Gharama ya tatu ndiyo inayowapata wasafiri wengi bila kujua, na ndiyo rahisi zaidi kuepukwa. Mashine ya malipo inapotambua kuwa kadi imetolewa nje ya nchi, inaweza kumuuliza mwenye kadi: je, unataka kulipa kwa sarafu ya hapa au kwa sarafu yako? Swali hilo huonekana kama msaada, kwa kuwa mtu huhisi yuko salama zaidi anapoona kiasi katika sarafu anayoifahamu. Kumbe akichagua sarafu yake, ubadilishaji hufanywa papo hapo na benki au kampuni inayomhudumia mfanyabiashara, kwa kiwango wanachojipangia wao, na mara nyingi kiwango hicho huwa na nyongeza kubwa ambayo mfanyabiashara naye hupata sehemu yake.

Nchi za Ghuba hutoa mfano mzuri wa kuelewa jambo hili, kwa sababu sarafu zake kadhaa zimefungamanishwa na Dola ya Marekani kwa kiwango kisichobadilika. Dola 1 ni sawa na Riyal 3.75 za Saudi Arabia, Dirham 3.6725 za Umoja wa Falme za Kiarabu, Riyal 3.64 za Qatar na Rial 0.3845 za Oman. Kwa hiyo msafiri hahitaji kuwa mtaalamu wa fedha ili ajue kama ameongezewa bei. Akiwa Saudi Arabia na mashine ikamwonesha kuwa Dola 1 ni Riyal 3.55, ajue kuwa tofauti kati ya 3.55 na 3.75 ni nyongeza ya aliyebadilisha.

Tuchukue mfano wa hoteli inayogharimu Riyal 3,750, yaani Dola 1,000 kamili kwa kiwango rasmi. Tuchukulie kuwa akaunti ya msafiri ni ya Shilingi, benki yake inauza Dola 1 kwa Shilingi 2,600, na ada ya muamala wa nje ni asilimia 3.

Akichagua kulipa kwa Riyal, Dola 1,000 zitakuwa Shilingi 2,600,000. Ada ya asilimia 3 ni Shilingi 78,000. Jumla ni Shilingi 2,678,000.

Akichagua kulipa kwa Dola kwa kiwango cha Riyal 3.55, bei ya hoteli itageuka kuwa Dola 1,056.34. Kiasi hicho kwa Shilingi ni takriban 2,746,500, na ada ya asilimia 3 ni takriban Shilingi 82,400. Jumla inafikia karibu Shilingi 2,829,000.

Tofauti ni takriban Shilingi 151,000 kwa chumba kile kile na usiku ule ule. Tazama pia kuwa ada ya benki haikuondoka kwa sababu msafiri alikubali kubadilishiwa fedha pale hotelini. Imeongezeka, kwa kuwa sasa inakokotolewa juu ya kiasi kikubwa zaidi.

Mfano huu unaonesha kosa linalofanyika mara kwa mara. Watanzania wengi wamezoea kuhesabu gharama za nje kwa Dola, hivyo wanapoona Dola kwenye mashine huichagua. Lakini kama akaunti iliyounganishwa na kadi ni ya Shilingi, kuchagua Dola kunasababisha fedha kubadilishwa mara mbili kwa viwango viwili tofauti, na msafiri hulipia kila hatua.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: lipa kwa sarafu ya nchi uliyopo. Saudi Arabia lipa kwa Riyal, India kwa Rupia, China kwa Yuan, Uturuki kwa Lira. Masharti ya mitandao mikubwa ya kadi yanamtaka mfanyabiashara ampe mwenye kadi nafasi ya kuchagua, wala asimchagulie. Mhudumu akibonyeza kwa niaba yako, mwombe afute muamala na aanze upya kabla hujaweka namba ya siri. Soma kiasi na alama ya sarafu kwenye kioo cha mashine, kisha soma tena kwenye risiti. Ukishathibitisha kwa namba ya siri au saini kwamba ulikubali ubadilishaji huo, ni vigumu kuupinga baadaye.

Suala hili limeshughulikiwa kisheria katika baadhi ya maeneo duniani. Tangu Aprili 2020, Umoja wa Ulaya unawataka watoa huduma hiyo, kwa malipo ya sarafu za nchi wanachama, waoneshe nyongeza yao kama asilimia juu ya kiwango cha rejea cha Benki Kuu ya Ulaya, ili mteja aione kabla ya kukubali. Mahali ambapo sharti kama hilo halipo, macho ya mwenye kadi ndiyo kinga yake ya kwanza.

Kutoa fedha taslimu kwenye mashine

Kutoa fedha taslimu nje ya nchi kunaweza kubeba ada tatu kwa wakati mmoja: ada ya benki inayomiliki mashine, ada ya benki ya mteja kwa kutoa fedha nje, na asilimia ya ubadilishaji wa fedha. Ada mbili za kwanza mara nyingi ni kiasi kisichobadilika kwa kila muamala, bila kujali umetoa kiasi gani.

Hivyo idadi ya miamala ina maana kubwa. Tuchukulie ada hizo mbili kwa pamoja ni Shilingi 15,000 kwa kila muamala. Mtu anayetoa kiasi cha thamani ya Shilingi 1,000,000 kwa mkupuo mmoja atalipa Shilingi 15,000, sawa na asilimia 1.5. Anayetoa kiasi hicho hicho kwa mafungu matano ya Shilingi 200,000 atalipa Shilingi 75,000, sawa na asilimia 7.5. Inashauriwa kupanga mahitaji ya siku kadhaa na kutoa fedha mara chache, kwa kuzingatia usalama. Mashine nazo zinaweza kuuliza swali la kuchagua sarafu. Jibu ni lile lile, yaani kataa ubadilishaji na uendelee kwa sarafu ya nchi uliyopo.

Wenye kadi za mkopo wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Mtu anaponunua bidhaa kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida hupewa kipindi cha kulipa bila riba. Anapotoa fedha taslimu kwa kadi hiyo, mara nyingi kipindi hicho hakipo: riba huanza kuhesabiwa tangu siku ya kutoa, na huongezeka juu ya ada nyingine zote. Kadi ya mkopo ni bora itumike kulipia huduma, na fedha taslimu zitolewe kwa kadi inayokata akaunti moja kwa moja.

Fedha zilizoshikiliwa na marejesho

Hoteli na kampuni za kukodisha magari huomba kushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwa kadi ya mkopo, kiasi hicho hupunguza ukomo wa mkopo. Kwa kadi inayokata akaunti moja kwa moja, huzuia fedha halisi za mteja, na kuachiliwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka hotelini. Msafiri mwenye bajeti ya kubana anaweza kujikuta ana fedha kwenye akaunti lakini hawezi kuzitumia. Ni vyema kuuliza mapema ni kiasi gani kitashikiliwa.

Aidha, kiwango kinachotumika siku ya kupata idhini kinaweza kutofautiana na kile cha siku ambayo malipo yanakamilishwa, ambayo huweza kuwa siku moja au zaidi baadaye. Ndiyo maana ujumbe wa simu unaopata papo hapo unaweza kuonesha kiasi tofauti kidogo na kile cha taarifa ya akaunti.

Marejesho nayo yana gharama yake. Ukilipa Dola 1,000 kwa kiwango cha kuuzia cha Shilingi 2,600, kisha muuzaji akakurejeshea Dola 1,000 zikabadilishwa kwa kiwango cha kununulia cha Shilingi 2,550, utapungukiwa Shilingi 50,000 hata kama soko halikubadilika kabisa. Ada ya muamala wa nje iliyokatwa mwanzoni nayo si lazima irudishwe. Wafanyabiashara wanaolipa amana kwa wauzaji wa nje wanashauriwa kuhakiki bidhaa na masharti kabla ya kulipa, badala ya kutegemea kurejeshewa.

Je, akaunti ya Dola ni suluhisho?

Benki nchini hutoa akaunti za fedha za kigeni, na baadhi huunganisha akaunti hizo na kadi. Kwa mtu anayepokea kipato chake kwa Dola, au anayesafiri mara kwa mara kwenda nchi za Ghuba ambako sarafu zimefungamanishwa na Dola, kadi ya namna hiyo inaweza kumwepusha na hatua moja ya ubadilishaji. Lakini kwa anayenunua Dola kwa Shilingi ili tu aziweke kwenye akaunti kabla ya safari, gharama ya kubadilisha haijaondoka, ameilipa mapema. Faida yake ni kujua kiwango kabla ya kuondoka. Alinganishe pia ada za kuendesha akaunti hiyo na thamani ya safari zake.

Wanaokwenda China kununua bidhaa wafahamu kuwa maduka mengi huko hutegemea malipo ya simu kupitia Alipay na WeChat Pay. Mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya kimataifa na programu hizo, ila miamala inayozidi Yuan 200 imekuwa ikitozwa asilimia 3 na mtoa huduma, mbali na ada za benki ya mteja. Kwa mzigo mkubwa, uhamisho wa benki kwa benki kwa kawaida huwa nafuu na huacha ushahidi bora wa malipo.

Kwa wanaopendelea kubeba fedha taslimu, sheria inawataka watoe taarifa kwa Forodha wanapoingia au kutoka nchini wakiwa na fedha zenye thamani ya Dola za Marekani 10,000 au zaidi. Kubeba si kosa. Kutotoa taarifa ndilo kosa.

Ikumbukwe pia kuwa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotangazwa Machi 28, 2025, zinahusu bei na malipo ya bidhaa na huduma ndani ya nchi, ambayo yanapaswa kuwa kwa Shilingi isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu vinginevyo. Kanuni hizo hazimzuii mwananchi kulipa kwa fedha za kigeni akiwa nje ya nchi.

Mambo ya kufanya kabla ya kusafiri

1. Tembelea au piga simu benki yako na uliza maswali manne: ada ya muamala wa nje ni asilimia ngapi, ada ya kutoa fedha taslimu nje ni kiasi gani, ni kiwango gani cha ubadilishaji kinatumika, na ukomo wa matumizi kwa siku ni upi. Omba jedwali la ada kwa maandishi.

2. Hakikisha kadi imeruhusiwa kutumika nje ya nchi na taja nchi utakazopita, ili isifungwe kwa kudhaniwa kuwa imeibwa.

3. Hakikisha namba yako ya simu iliyosajiliwa benki itafanya kazi ukiwa nje, kwa sababu namba za uthibitisho wa malipo ya mtandaoni hutumwa huko.

4. Beba kadi zaidi ya moja pamoja na fedha taslimu kiasi, na uzitunze sehemu tofauti.

5. Tumia vikokotoo vya viwango vilivyopo kwenye tovuti za Visa na Mastercard kukadiria gharama. Weka asilimia ya benki yako ili upate kiasi kinachokaribia ukweli.

Baada ya kurejea

Linganisha risiti na taarifa ya akaunti mstari kwa mstari. Ukikuta makato usiyoyaelewa, wasilisha malalamiko kwa benki yako kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti na kutaja tarehe, kiasi na sarafu. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa mitandao ya kadi ina muda maalumu wa kupinga miamala. Hifadhi namba ya kumbukumbu ya lalamiko.

Kanuni za Benki Kuu za Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinawataka watoa huduma kuwa wazi kuhusu ada na masharti, na kuwa na utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya wateja. Mteja asiyeridhika na majibu ya benki yake anaweza kuliwasilisha suala hilo Benki Kuu ya Tanzania.

Ada nyingi zilizoelezwa hapa ni halali na zimeandikwa katika mikataba ambayo wateja huitia saini wanapochukua kadi. Mwananchi anahimizwa kuusoma mkataba huo kabla ya kupanda ndege. Na akiwa mbele ya mashine ugenini, asome kwanza alama ya sarafu iliyoandikwa kwenye kioo, ndipo aweke namba yake ya siri.